Meza Iliyofungwa kwa Nati za Jirani

Nguvu huenda wapi meza inapotikisika? Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kuuliza hivyo, na hakuna aliyenijibu nikaridhika. Unavuta mkono uleule wa mashine ya vifungo, kwa bega lilelile. Meza ikiwa imetulia kifungo kinatoka kimekaza. Meza ikicheza kifungo kinatoka kimelegea, na juu ya hayo bega linakuuma zaidi. Baba aliniambia nisubiri nifike sekondari. Mama alisema, "Inakwenda kwa jirani," akaendelea na kazi yake. Chuo kikuu nilipewa jibu lenye milinganyo, nikalielewa, nikafaulu mtihani, wala halikunipunguzia kitu.

Mwaka jana nilipita Guangzhou kwa shughuli za kazi, nikapata nusu siku ya kuzurura. Nilishuka karibu na soko la vitambaa nikaingia Kangle, mtaa wa utoto wangu, kwa miguu. Sehemu kubwa ya mtaa ilikuwa imezungushiwa mabati. Kando ya lango, juu ya lundo la vyuma chakavu, niliona mashine ndogo ya kijani ya kuvika vifungo kitambaa, mkono wake ukiwa juu kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nikauvuta. Ulishuka bila ubishi. Mzee wa vyuma akanitajia bei. Nikamwambia napita tu.

Wewe ambaye hukufika Kangle miaka ile, ngoja nikueleze palivyokuwa. Zamani kilikuwa kijiji. Jiji lilipokizunguka, wenyeji wakajenga ghorofa juu ya kila kipande cha ardhi walichokuwa nacho, karibu karibu, hata dirisha letu la jikoni likatazamana na la watu wengine kiasi cha kuweza kupokezana chumvi. Watu wa pale waliyaita majengo ya kupeana mikono. Mchana ilikuwa kama magharibi. Chini kulikuwa na karakana za nguo, na cherehani zake zilisikika kama mvua ya mbali isiyokatika. Vichochoroni zilipita baiskeli za umeme za magurudumu matatu zenye majora ya vitambaa, na dereva hakupiga honi ili umpishe. Alipiga kukujulisha kwamba anakuja upende usipende. Mafundi wengi walitoka mkoa wa Hubei. Asubuhi ngazi zilinuka tambi zao zilizochanganywa na rojo la ufuta. Mlangoni petu zilinuka iliki na mahamri. Mwezi wa tatu kuta zilitoka jasho, maji yakitiririka hadi sakafuni, na viatu ulivyoviacha chini ya kitanda ulivikuta vimeota ukungu.

Tulifika huko kwa sababu ya baba. Alikuwa amepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili, na bweni lake halikuruhusu familia, kwa hiyo mama na mimi tulipanga chumba Kangle naye akaja kila Jumamosi. Mama aliwaongoza wafanyabiashara waliotoka Mombasa na Nairobi. Aliwapokea Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika, akawazungusha kwenye maduka ya jumla, akawapigania bei, akawapeleka hadi ofisi za mizigo Sanyuanli. Kichina chake kilikuwa cha sokoni. Alijua kusema ghali, alijua kusema haifai, na kila mtu alimwita laoban, yaani bosi, hata muuza kabichi. Mimi nilisoma shule ndogo ya watoto wa wahamiaji, ambako mwalimu alikuwa akiniambia, "Maswali yako weka mfukoni, mfuko ukijaa njoo tuyapunguze."

Jioni moja ya mvua mama alikwama Sanyuanli, kontena limechelewa, nami nilikuwa nimesahau ufunguo ndani. Nilikaa kwenye ngazi hadi nguo zilipoanza kunikaukia mwilini. Jirani wa chumba cha pili, mwanamke wa Hubei aliyeshona suruali nyumbani kwake, alifungua mlango, akanitazama, akanisogezea kigoda, akafunga. Baba ndiye aliyenikuta hapo. Hakuwa amepanga kuja siku ile.

"Mtoto si mzigo wa kuachwa stoo," alimwambia mama aliporudi.

"Wala si barua ya kutiwa stempu."

"Kwao kupo. Bibi yake yupo, madrasa ipo, Kiswahili chake hakitaoza."

"Nami niko wapi, bwana wee?"

"Wewe uko sokoni. Tangu asubuhi uko sokoni."

Ilikuwa kweli. Wakaafikiana: mama akipata kazi ya kufanyia nyumbani kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nibaki. Asipopata, nitafunga Mombasa. Bibi nilimjua kwa sauti ya simu tu. Alikuwa amekwisha kunitandikia kitanda, akanieleza hadi rangi ya chandarua. Sikuwa na ugomvi na bibi wala na chandarua. Nilitaka kubaki na mama yangu, basi.

Kazi ilipatikana kwa mwanamke mmoja mwenye karakana, aliyevaa viatu vya visigino juu ya sakafu iliyojaa nyuzi. Alishona magauni ya sherehe, yale yenye safu ya vifungo vidogo mgongoni, kila kimoja kimevikwa kitambaa cha gauni lenyewe. Wavikaji wake wawili walikuwa wameacha kazi. Alimwazima mama mashine na mfuko wa vifungo vya majaribio. Vifungo vikitoka sawa, atampa kazi ya nyumbani mwaka mzima. Visipotoka sawa, arudishe mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa chuma kitupu, nzito kama mtoto mnene. Ilikuwa na mkono upande wa kulia, na katikati nafasi ya kutia kalibu, kikombe cha chuma cha kushikia kifungo, saizi moja baada ya nyingine. Kifungo cha kuvikwa kina vipande viwili vya bati, kofia na kitako. Unakata kitambaa duara, unakilaza kwenye kalibu, unaweka kofia juu yake, unavuta mkono mara ya kwanza ili kitambaa kikumbatie kofia. Kisha unatia kitako na kuvuta tena, kwa nguvu, hadi usikie *ta*. Usiposikia *ta*, kifungo kitafunguka siku ya harusi.

Baba alijenga meza kwa Jumamosi mbili. Miguu aliichonga kwa mbao za makreti alizopewa na watu wa mizigo Sanyuanli. Alizibeba kwenye metro zimefungwa kwa kanga ya mama, walinzi wakimzunguka wasijue wamwambie nini. Juu aliweka mlango mzima wa nyumba iliyobomolewa. Tundu la kitasa alitaka kuliziba, mama akakataa, akaweka ndoo chini yake, na vipande vyote vya kitambaa vilifagiliwa humo. Kimo cha meza alikipima kwa kiwiko cha mama akiwa ameketi. Akapiga mbao za mshazari kila upande. Alipoweka pima maji juu, povu likakimbilia dirishani. Akaikagua miguu upya, akagundua miguu iko sawa.

"Sakafu ndiyo iliyolewa," alisema, akakunja bati akaliweka chini ya mguu mmoja.

Kisha mama akaipanga. Kofia kulia, ndani ya kopo la biskuti. Vitako kushoto. Vitambaa vilivyokatwa mbele yake, na kalibu ukutani juu ya rafu, kuanzia ndogo hadi kubwa. Taa aliishusha hadi ikakaribia kugusa kilemba chake. Kifungo kilichokamilika alikisukuma kwa kidole kidogo kikaangukia beseni mapajani. Ukimtazama ungedhani ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake. Mimi nilifurahi. Nilidhani tumemaliza.

Alipovuta mara ya kwanza meza ilitembea. Si utani, ilisogea mbele kama mbuzi anayevutwa. Baba akailalia. Mama akavuta, baba akatikisika nayo. Vifungo vilitoka vina mikunjo ukingoni, vingine vimekaa upande. Mama alivipeleka vile vile. Mwenye karakana alikishika kimoja, akatia ukucha chini ya kitako, kikafunguka.

"Bu xing," alisema. Haifai. Akampa siku chache zaidi, tena kwa sababu hakuwa na mtu mwingine.

Sasa lazima nikueleze jambo moja kuhusu baba. Yeye alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya mawe ya matumbawe ambayo ukuta wake ni mpana kuliko kitanda cha mtoto. Kwao ukitaka kitu kitulie, unakifunga ukutani, na ukuta haujui kama umefungwa kitu. Basi akanunua bolti ndefu kama mkono wangu, akachukua keekee, akaweka goti, akaanza kutoboa ukuta wa Kangle kwa moyo uleule wa Mji wa Kale. Ukuta wa Kangle ulikuwa tofali moja limesimama. Keekee ilizama ghafla, baba akaufuata ukuta kwa paji la uso, na upande wa pili mtu akapiga ukelele.

Haikupita muda mlango wetu ukagongwa. Alikuwa jirani wa Hubei, ameshika upawa, na ndani ya upawa kuna wali mwekundu kwa vumbi la tofali.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, maana Kichina changu kilikuwa bora kuliko cha baba na mama wote wawili.

"Mwambie samahani, tutampa mchele mwingine," mama alisema.

"Anasema mchele si neno. Anauliza baba alikuwa anatafuta nini chumbani kwake."

Mama akacheka. Baba hakucheka, alikuwa anajifuta paji la uso.

Tukaenda sote kuona. Tundu lilikuwa limetokea kati ya kalenda na cherehani yake. Baba alijaribu bolti, ncha yake ikachomoza kwa jirani kiasi cha kidole. Akanieleza, nami nikamweleza jirani, kwamba tofali lile haliwezi kuishika bolti peke yake, litapukutika. Njia ni moja: kuweka kipande cha chuma na nati upande wa kwake, na kukaza kutoka huko. Bolti nne.

Jirani alinisikiliza hadi mwisho. "Bu xing," akasema. Mwenye nyumba akija akaona vyuma vinne ukutani, atamfukuza yeye, si sisi.

"Basi," baba alisema, akaanza kuichomoa bolti. "Nilijua."

Hilo neno lake nililisikia kama mlango wa ndege unavyofungwa. Mama hakubishana naye, wala hakumbembeleza jirani. Aliniwekea mkono kichwani.

"Mwambie kweli."

"Kweli gani?"

"Kwamba meza isipotulia, wewe unakwenda."

Nikasema. Nilisema kama ninavyosoma darasani, nikitazama kalenda yake: meza ikitikisika vifungo vinaharibika, vifungo vikiharibika mama atarudi sokoni, mama akirudi sokoni nitapelekwa kwa bibi. Jirani akaniuliza bibi anakaa wapi. Nikasema mbali. Akauliza, kwa treni siku ngapi? Nikamwambia treni haifiki, ni ndege. Akaniuliza umri wangu, nikamtajia. Akanishika mabega, akanigeuza, akalaza utepe wake wa kupimia kutoka shingoni hadi kiunoni kwangu, akausoma.

Kisha akasema bolti zibaki. Atazifunika kwa kalenda mwenye nyumba akija. Lakini kila Jumapili asubuhi mimi niende kwake nisimame akikata nguo.

"Asimame tu?" mama aliuliza, macho kayakaza.

"Asimame tu," nikatafsiri.

"Hii ni biashara gani?" baba aliuliza.

"Ya Guangzhou," mama akamjibu. "Kaza kabla hajabadili nia."

Walikaza wao wawili, baba upande wetu akikishikilia kichwa cha bolti kwa spana, jirani upande wake akizungusha nati, wakisemeshana kupitia matundu ambayo bado hayajazibwa. Baba alipiga kelele, "Kaza!" Jirani akakamata neno hilo mara moja, akalirudisha kwa nguvu zaidi: "Kaza! Kaza!" Hadi bolti ya nne ni yeye aliyekuwa anamwamrisha baba.

Meza ilitulia kama imeota mizizi. Mama alivuta, *ta*, akavuta tena, *ta*, hata taa haikutikisika. Mwenye karakana alitia ukucha kwenye vifungo vingi siku ile, ukucha ukavunjika, akamkabidhi mama gunia la kofia na vitako. Ramadhani ilipoandama nilikuwa Kangle. Tulifuturu mezani hapo hapo, tende zimekaa kando ya kopo la vitako, na mara mbili nilitia bati mdomoni nikidhani ni tende.

Kwa sababu ya mtikisiko nati zilikuwa zinalegea polepole. Mama akisikia meza imeanza kunung'unika alipiga ukuta mara mbili kwa ngumi. Upande wa pili tulisikia spana, halafu sauti: "Kaza!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Walikaa miaka hawajui majina ya watoto wala ya vijiji vyao, lakini meza ile walikuwa wanaijua kama wauguzi wa mgonjwa mmoja.

Nami Jumapili nilisimama. Kwanza alinilisha tambi za ufuta, maana alisema mtoto mwenye njaa hasimami wima. Kisha akanibandika vipande vya kitambaa kwa pini: suruali, koti lililojazwa pamba, gauni jekundu lenye kola ya mviringo. Alinizungusha, akarudi nyuma akafumba jicho moja. Aliniuliza mambo ya ajabu ajabu. Je, magoti huniuma usiku? Nywele najifunga mwenyewe? Darasani nakaa mbele au nyuma? Nikiwa na hasira nafanya nini? Nilimjibu yote. Nguo zikikamilika alizikunja akazitia mfukoni, na hakuna hata moja niliyopewa.

"Kwa nini sipewi?" nilimuuliza mama.

"Makubaliano ni kusimama."

"Lakini ni za saizi yangu."

"Saizi si hati ya kumiliki."

Nikafikia uamuzi wangu mwenyewe, kama nilivyopenda kufanya: anaziuza, nami ni sanamu la dukani lisilolipwa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nimekuwa na uhakika wa aina hiyo mara nyingi tangu hapo, na sasa huutilia shaka kabla ya kitu kingine chochote.

Baba alipomaliza masomo tuliondoka sote watatu pamoja, na hilo ndilo nililokuwa nimelitaka. Mashine ilirudi kwa mwenye karakana. Jirani alifungua nati, baba akavuta bolti, na mlango ule ukavushwa kwake uwe meza ya kukatia. Waliziba matundu kwa sabuni na unga wa chokaa. Mama na jirani hawakukumbatiana. Mama alipiga ukuta mara mbili akiwa ameshika begi, tukashuka ngazi.

Mwaka jana, nikiwa nimesimama kwenye mabati, nilimpigia mama simu anielekeze lilipokuwa jengo letu. "Tafuta soko la mboga," alisema, "ukifika kwenye mti wenye mabomba ya maji, kata kushoto." Soko halikuwepo, mti haukuwepo, na kushoto kulikuwa na tingatinga. Sitakudanganya kwamba nililia. Vyumba vile vilikuwa na unyevu na ukungu, na watu walikohoa ndani yake. Wafanyabiashara siku hizi huagiza kwa simu wakiwa kwao, na vifungo, wameniambia, huvikwa na mashine isiyohitaji kiwiko cha mtu. Kilichonisumbua ni sauti. Nilisimama nikisikiliza cherehani, nikasikia kimya, na kimya kile sikukijua. Nikawaza kwamba huenda mtaa ule wote ulishikwa hivyo, tofali moja moja, kila mtu amekazwa na nati iliyo chumbani kwa mtu mwingine.

"Jirani karudi Hubei," mama aliniambia kwenye simu. "Ila ana binti, yuko Guangzhou, anafanya kazi zahanati. Namba yake ninayo, mama yake alinitumia alipohama. Mtafute, usile peke yako."

Sikujua kwamba ana binti. Tulikula pamoja jioni ile, naye alinitambua kabla sijasema jina, akaniambia, "Wewe ndiye yule." Tuna umri mmoja, tumepishana miezi. Alilelewa na bibi yake kijijini tangu akiwa na miaka miwili, na mama yake alikuwa akienda kumwona mara moja kwa mwaka, kwenye sikukuu ya mwaka mpya, akiwa na mfuko wa nguo alizomshonea. Tuliposimama kuondoka niliona utosi wake unanifika begani, naye akaona nimeona, akacheka. Amekuwa mfupi tangu utotoni, alisema. Kila mwaka bibi alimvika nguo zile huku akizivuta zikae vizuri mbele ya mshonaji mwenyewe, akamsifia. Na mama yake akishapanda treni kurudi Guangzhou, bibi alikaa chini akapinda mikono yote ya makoti na miguu yote ya suruali, maana zilikuwa za kimo changu, akaishikiza kwa uzi. Mama yake hajaambiwa hadi leo.